Majibu yenye "lakini"

Karatasi ya majibu ilikaa siku nne kwenye mkoba wa mwalimu mmoja wa Tanga kabla hajamwonyesha mumewe. Daktari alikuwa amemwambia wazi, "Hii si saratani, mama." Kisha akaongeza, "Lakini siwezi kukwambia uende nyumbani ukasahau."

Hiyo "lakini" ndiyo iliyomnyima usingizi.

Mtu akiwa na saratani, watu wanajua la kufanya: watakuja, watachanga, watasoma dua. Akiambiwa hana, watashukuru Mungu. Yeye aliambiwa chembe za kwenye mirija ya maziwa zimeongezeka, na baadhi zimebadilika umbo. Mdogo wake alisema Alhamdulillahi, akageuza mazungumzo. Wifi yake akauliza kwa nini asikate titi lote, yakaisha. Wote wawili wanampenda, na hakuna aliyemsaidia.

Akarudi hospitalini na mumewe, pamoja na daftari la maswali (ualimu haumtoki mtu). Daktari alichora titi nyuma ya bahasha. Sindano, alieleza, huchota vipande vyembamba tu. Pengine kando yake ipo saratani ambayo haikufikiwa. Ndiyo maana sehemu ile huondolewa kwa upasuaji mdogo na kupimwa upya. Kukata titi zima hakukuwa lazima. Ila hata isipoonekana saratani, uwezekano wake wa kuipata baadaye, katika titi lolote kati ya mawili, ni kama mara 4 ya mwanamke asiye na mabadiliko hayo. Kati ya wanawake 100 wa namna yake, wapatao 30 huipata ndani ya miaka 25.

"Basi 70 hawaipati," mumewe akasema.

Mwalimu akaandika zote mbili, 30 na 70, mstari mmoja.

Alitaka kusubiri likizo ya Desemba kwa sababu ya watahiniwa wake. Mumewe, ambaye kwa kawaida si mbishi, safari hii alikataa: darasa litapata mwalimu mwingine. Upasuaji ukafanyika Septemba. Majibu yalikuja yaleyale, chembe zilizobadilika, saratani hakuna.

Sasa anatakiwa kupigwa picha ya matiti kila mwaka. Ameelezwa pia kuhusu tamoksifeni, kidonge cha kila siku kwa miaka 5, ambacho hupunguza uwezekano huo lakini huleta joto la ghafla mwilini na, mara chache, damu kuganda kwenye mishipa. Bado hajaamua. Daftari lina ukurasa mzima wa hilo, nusu umejaa.

Juzi mdogo wake alipiga simu. "Dada, si umeshapona?"

"Sikuwa mgonjwa."

"Sasa hospitali unafuata nini?"

Akamweleza tena, polepole, pamoja na zile 30 na 70. Upande wa pili kukawa kimya.

"Hiyo picha unapigwa lini?"

"Septemba ijayo."

"Nitakusindikiza."