Kabla Jua Halijazama

Kwa watu wa mjini ambao kwao ni mbali, Pasaka ina sifa moja ambayo haitajwi mimbarani: ina siku nne. Ijumaa Kuu ni mapumziko, Jumatatu ya Pasaka ni mapumziko, na katikati kuna mwisho wa juma. Krismasi inaweza kuangukia katikati ya juma, mwajiriwa akapata siku mbili tu, nazo zikaishia barabarani. Pasaka haibadiliki. Ndiyo maana ukoo wetu ulipokubaliana kukutana nyumbani baada ya miaka 11, kila mtu alisema Pasaka. Shida ya ukoo wetu ni kwamba ndani ya siku hizo nne kuna Sabato.

Sisi ni watoto wanne wa baba mmoja. Tunaishi Dar es Salaam na kwetu ni Upare ya Kusini, wilaya ya Same. Anayeijua milima ile anajua kwamba pale Walutheri na Waadventista Wasabato hawakai vijiji mbalimbali; wanakaa nyumba moja. Wamisionari wa Leipzig walikuwa Kilimanjaro tangu 1893, wakashuka na kuingia Upare. Waadventista nao wakafika Upare mwaka 1903. Wote walitoka Ujerumani, na wote walipanda milima ileile. Babu yetu alibatizwa mtoto mchanga kwa Walutheri, akabatizwa tena mtu mzima mtoni kwa Wasabato, na uzeeni alikuwa akienda kanisani Jumamosi na Jumapili pia. Akiulizwa, alijibu kwamba Mungu hajawahi kumfukuza siku yoyote.

Alipofariki, watoto wake hawakuweza kujibu kwa wepesi huo. Baba mkubwa, mzaliwa wa kwanza, ni Mlutheri na mzee wa kanisa. Shangazi, anayeishi katika mji wa babu mpaka leo, ni Msabato. Watu wa mjini walikuwa na ruhusa za siku chache, mvua ilikuwa inanyesha, na wazee walikaa wakaamua azikwe Jumamosi. Shangazi aliomba jambo moja tu: subirini mpaka kesho. Hakusikilizwa. Baba mkubwa ndiye aliyetoa neno la mwisho, kwa kuwa ndiye mkubwa. Wakati jeneza linateremshwa, hatua chache kutoka mlangoni, Shangazi alikuwa ndani amekaa kitandani na nguo zake za Sabato. Sisi tulikuwa bado wanafunzi, na tulimwona kupitia dirishani.

Tangu siku ile Baba mkubwa hakurudi nyumbani. Hakukuwa na matusi wala kesi. Salamu zilipitishwa kwa watoto, fedha za matibabu zilitumwa kwa simu, na miaka ikapita. Baba yetu alifariki bila kuwaona wamepatana. Katika watoto wa babu wamebaki hao wawili tu, mmoja ana miaka 78 na mwingine 74.

Basi tulipompigia Shangazi kumweleza habari ya mkutano, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Waje. Tena na Kaka aje. Ila waingie kabla jua halijazama.” Hakueleza zaidi. Ijumaa jua likizama Sabato imeingia, na katika nyumba ile hakuna kupika, kupakua mizigo wala mazungumzo ya mashamba. Tulilielewa lile neno jinsi lilivyokuwa. Safari hii wataheshimu, au watafanya kama walivyofanya?

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi katika Noah moja, watu wanane, shemeji yetu akiendesha na Baba mkubwa amekaa mbele. Miguuni pake alikuwa ameweka jembe jipya lenye mpini, limefungwa gazeti. Hatukumuuliza. Kibaha magari yalikuwa yamesimama, Mlandizi hivyohivyo. Nusu ya mji ilikuwa imepata wazo letu. Chalinze tulipokata kulia tukapata nafasi ya kwenda, tukavuka Wami kwa daraja jipya, na wakubwa wakawasimulia watoto habari za lile la zamani, jembamba, ambalo magari yalivuka kwa zamu huku abiria wakisali kimyakimya. Segera tulinunua machungwa. Mmoja wetu, kwa kutaka kuchangamsha gari, alisema kwamba kumbe Paulo alipowaandikia Waefeso habari za hasira na jua kuchwa alikuwa anamwandikia Shangazi. Vijana walicheka. Baba mkubwa alimenya chungwa lake.

Sharti lake yeye lilikuwa moja pia, na alilitoa kabla hatujaondoka: Ijumaa Kuu haipiti bila ibada. Kwa mzee wa kanisa hilo halikuwa la kujadiliwa. Tulikuwa tumevaa nguo nyeusi tangu nyumbani. Mbele kidogo ya Korogwe tuliona kanisa kando ya barabara, nasi tukaegesha. Ibada ilianza saa sita kamili, kwa kuwa usharika ule huipanga ifike saa tisa, saa aliyokufa Bwana, ndipo wakaribie Meza.

Tuseme wazi kwamba hatukusikiliza vizuri. Masomo ya mateso ni marefu, kwaya zilikuwa tatu, na kila mmoja wetu alikuwa akipiga hesabu kichwani. Kutoka pale mpaka Makanya ni saa mbili na nusu, kwa vibao vya kilomita 50 kila kijiji. Kutoka Makanya kupanda mlima ni saa moja na nusu barabara ikiwa kavu, na huu ulikuwa wakati wa masika. Jua linazama baada ya saa kumi na mbili na nusu. Hakuna aliyethubutu kumgusa Baba mkubwa begani. Hapo ndipo tulipoona ugumu wa jambo lenyewe. Hatukuwa tunachagua kati ya Mungu na saa. Siku takatifu ya mmoja ilikuwa inakula siku takatifu ya mwingine, na kila mmoja anaishika yake kwa moyo safi. Ni rahisi kusema mbali na watu kwamba siku ni siku tu. Sisi Walutheri hatuamini tunavyoamini Wasabato kuhusu siku ya saba, na hatuoni faida ya kujifanya kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Kama ingekuwa ndogo, Shangazi asingebaki kitandani siku baba yake anazikwa.

Saa nane na nusu mahubiri yaliisha, na wazee wa kanisa wakaanza kuandaa Meza ya Bwana. Baba mkubwa akasimama. Tulidhani anajisikia vibaya. Alichukua bahasha yake ya sadaka mfukoni, akaiweka kwenye benchi alipokuwa amekaa, akainamisha kichwa kuelekea madhabahuni na akatoka. Tukamfuata mmojammoja huku watu wakitutazama. Nje, shemeji alimuuliza kama anaumwa. Akasema, “Siumwi. Mezani siwezi kwenda, nina neno na mdogo wangu. Twendeni, jua halitusubiri.”

Mzee huyu amegawa kikombe katika usharika wake kwa miaka mingi. Kila asomaye Mathayo sura ya tano anajua Bwana alivyosema juu ya mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Sisi tumelisikia likihubiriwa tangu Shule ya Jumapili, na tulikuwa hatujawahi kumwona mtu akilifanya kwa miguu yake, mchana, mbele za watu wasiomjua.

Mombo, Mazinde, Mkomazi, Hedaru. Milima iko kulia muda wote, kwanza Usambara kisha Upare, na kushoto ni tambarare mpaka macho yanapokoma. Tulifika Makanya saa kumi na moja na dakika chache, tukakuta yale tuliyoyaogopa. Mvua ilikuwa imenyesha juu tangu usiku, na vijana wa bodaboda waliiangalia Noah yetu wakacheka kwa upole. “Hiyo haipandi leo.” Tuliiacha kwa mtu tunayemfahamu na kuchukua pikipiki tano. Mzee wa miaka 78 alipakiwa nyuma ya kijana mwenye buti za mpira, jembe begani kama bunduki, na akaambiwa ashike kiuno. Akashika.

Pikipiki zetu zilikwama mara mbili, tukashuka tukasukuma, watoto wakalia kwa baridi. Ya Baba mkubwa haikukwama. Kijana wake alikuwa mzoefu, na labda mzee mwenyewe alimhimiza. Tuliiona ikipotea kwenye kona ya juu na hatukuiona tena. Kule kwetu nyumba zinatazama magharibi, kwa hiyo ukiwa njiani unaliona jua waziwazi likishuka juu ya tambarare, na huwezi kujidanganya kuhusu saa. Tulikuwa bado na kona kadhaa lilipogusa ardhi. Tulifika giza likiwa limeanza.

Kwa hiyo walivyoonana hatukukuona, wala waliyosemezana hatuyajui. Tumeulizwa sana na ndugu waliokuja kesho yake, na jibu ni hilo. Tulichokikuta ni wazee wawili wameketi kwenye benchi la nje wakitazama mahali jua lilipokuwa, katikati yao kikombe kimoja cha mchaichai, Baba mkubwa amevaa koti la marehemu babu kwa kuwa lake lilikuwa limelowa. Tukaamkia. “Marahaba wanangu,” Shangazi akasema. “Nyie mmechelewa, lakini mkubwa wenu amewahi. Ingieni mle, kila kitu kiko tayari.” Na kweli kilikuwa tayari. Makande yalikuwa yamepikwa mchana na kuachwa kwenye makaa, maji ya kuoga yamechemshwa, vitanda vimetandikwa. Kuna wanaodhani Sabato ni uvivu wa siku moja. Hawajaona kazi inayofanyika Ijumaa.

Jumamosi tulikwenda naye kanisani kwake, sote, Baba mkubwa akiwa na tai. Shule ya Sabato ilianza mapema kuliko tulivyozoea, na darasa letu lilikuwa na maswali mengi. Mchana hatukufanya lolote isipokuwa kukaa, kuimba na kutambulishana watoto. Kwa watu wa Dar es Salaam haikuwa rahisi. Mikono ilitafuta simu yenyewe. Jioni, jua lilipozama, taa ziliwashwa na mkutano wa ukoo ukafunguliwa kwa sala. Mengine ni ya mikutano yote: mfuko wa ada za watoto ulipita, michango ya uzio ilibishaniwa, na mpaka wa shamba la kahawa haukumalizika, hata leo haujamalizika. Tusiwafanye wasomaji wadhani kwamba watu wakishapatana mipaka inajinyoosha.

Pasaka ilipopambazuka, Baba mkubwa alikuwa wa kwanza kuamka. Alilifungua gazeti, akachukua lile jembe na kuelekea kaburini kwa babu. Tulimfuata kwa mbali. Ndipo tukaelewa alilibeba kwa ajili gani. Miaka 11 bila yeye kufika, alikuwa anategemea kukuta pori. Akakuta pamefagiliwa. Pembeni yamepandwa maua, mengine yamekomaa mpaka shina limekuwa gumu kama mti. Msalaba ulikuwa umepakwa rangi, na si mara moja, maana ulionyesha rangi ya zamani chini ya ile mpya. Alisimama pale na jembe lake, hana pa kulipeleka.

Shangazi alitoka mlangoni akiwa na kanga ya asubuhi, akaja akasimama upande wake. Walikaa kimya muda mrefu, mpaka watoto wakaanza kurushiana umande.

“Jembe zuri, Kaka,” akasema. “Kule kwenye tangawizi pamejaa magugu.”

Baba mkubwa akalinyanyua, akageuka kwenda. Shangazi akamshika mkono.

“Si leo. Leo ni Pasaka yenu. Nendeni kanisani.”

Tulikwenda. Kulikuwa na Meza ya Bwana, na Baba mkubwa alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Jumatatu tulishuka Makanya kuchukua gari na kurudi Dar es Salaam, watu saba. Yeye alibaki kupalilia.