Waini nyeupe na samaki: Mambo ya kujua kabla hujabeba chupa kutoka Kariakoo

Anayeshuka mwendokasi kituo cha Msimbazi siku ya Jumamosi hukutana na Kariakoo yote kwa mara moja: mikokoteni, wamachinga, vitenge, ndoo za plastiki na spika zinazotangaza bei. Katikati ya hayo yapo maduka ya vinywaji, na ndani yake rafu ya waini. Kwa familia nyingi chupa hiyo ni ya harusi, kipaimara na Krismasi. Wapo pia wanaoibeba kwa ajili ya samaki wa Jumapili.

Eneo hili lilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza kilichokuwa na kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jengo maarufu la soko lilibuniwa na msanifu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Watu huja Kariakoo kutafuta bei nafuu, na bei nafuu inahitaji mnunuzi mwenye macho.

Kwenye rafu, chupa nyingi za nje zinatoka Afrika Kusini. Za nyumbani zinatoka Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na ambako Chenin Blanc ni miongoni mwa zabibu nyeupe zinazolimwa. Mzazi anayetaka kinywaji cha kwenda na samaki atafute waini nyeupe kavu, yaani ile ambayo sukari ya zabibu imegeuka karibu yote kuwa pombe. Kwenye lebo huandikwa "dry".

Kavu haimaanishi nyepesi. Kwa viwango vya Umoja wa Ulaya, waini kavu huwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, au hadi 9 kama ukali wake ni mkubwa. Soda moja ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30. Kwa hiyo sukari kweli ni kidogo, lakini pombe ipo palepale. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina takriban gramu 70 za pombe tupu. Ukiigawa kwa kipimo cha gramu 10, ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) hukitumia, unapata vipimo saba. Kipimo kimoja ni kama mililita 100, chini ya nusu ya kikombe cha chai.

Angalia stempu kabla ya bei

Austria inatoa somo zuri. Nchi hiyo inajulikana kwa waini nyeupe kavu ya zabibu iitwayo Grüner Veltliner, yenye harufu ya tufaha bichi, ndimu na pilipili manga kidogo. Huko kwao ni kinywaji cha kawaida cha mezani. Lakini mwaka 1985 iligundulika kuwa baadhi ya wazalishaji walichanganya kemikali ya viwandani, daithilini glaikoli, ili waini yao ionekane tamu na nzito. Biashara ya nje ikaporomoka. Mwaka huohuo Austria ikatunga sheria kali, na leo waini zake za daraja la juu hubeba namba ya ukaguzi wa serikali na alama ya rangi za bendera kwenye kifuniko.

Wazazi huenda wanaikumbuka kemikali hiyo kwa jambo jingine. Mwaka 2022 WHO ilitoa tahadhari baada ya kuikuta kwenye dawa za kikohozi za watoto nchini Gambia.

Hapa Tanzania, waini iliyoingia sokoni kihalali inapaswa kuwa na stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato (TRA), ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki kwa simu. Akague pia kama kifuniko hakijafunguliwa, na jina la mtengenezaji linasomeka. Chupa iliyokaa juani mbele ya duka aiache, kwa sababu joto huiharibu waini nyeupe haraka. Na asimtume mtoto kununua. Serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 2017, sababu mojawapo ilikuwa urahisi wa vijana wadogo kuvipata. Mtoto anayezoea kutumwa pombe anajifunza njia ya kuifikia.

Kutoka Feri hadi mezani

Kutoka Kariakoo, barabara ya kupitia Mnazi Mmoja na Posta inafika Kivukoni, kwenye soko la samaki la Feri. Waini kavu ina ukali kama wa ndimu, kwa hiyo vyakula vinavyopenda ndimu ndivyo vinavyoendana nayo: changu wa kukaanga, kibua wa kuchoma, pweza, kamba wa kitunguu saumu, dagaa wakavu waliokaangwa vizuri. Ukali huo hukata mafuta mdomoni, na ndiyo maana hata kuku wa kukaanga anafaa. Mchuzi wa nazi usio mtamu nao unakubali.

Pilipili kali haifai, kwani pombe huongeza muwasho wake. Kaimati, embe bivu na keki pia viwekwe kando, maana utamu wake huifanya waini kavu ionekane chungu na chachu.

Waini nyeupe hunywewa baridi, kama nyuzi 8 hadi 10. Saa mbili au tatu kwenye friji zinatosha. Umeme ukikatika, chupa iwekwe kwenye ndoo ya maji, barafu na chumvi kidogo kwa dakika 20. Barafu ibaki nje ya chupa, isiingie kwenye glasi.

Kuionja ni kazi rahisi. Mimina kidogo, uangalie rangi: iwe ya njano hafifu na angavu. Nusa: tufaha, ndimu au ua ni dalili njema. Harufu ya siki, au rangi iliyoelekea kahawia, inaonyesha imeharibika. Kisha chukua funda dogo, ulizungushe mdomoni kabla ya kumeza. Iliyobaki ifungwe, irudi kwenye friji na iishe ndani ya siku tatu.

Waini si dawa ya damu

Jambo zito zaidi katika safari hii ni imani kwamba waini, hasa nyekundu tamu, huongeza damu. Wapo wajawazito wanaoletewa na ndugu wenye nia njema, na waliojifungua wanaoambiwa wanywe wapate nguvu. Waini haitibu upungufu wa damu. Mjamzito anahitaji vidonge vya madini ya chuma na foliki vinavyotolewa kliniki, pamoja na maharage, mboga za majani, dagaa na maini kwa kiasi. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na inaweza kuathiri ubongo wake unaokua. Ushauri ni mmoja: wakati wa ujauzito asinywe hata kidogo. Anayenyonyesha, akinywa kipimo kimoja, asubiri walau saa mbili kabla ya kunyonyesha.

Anayetumia metronidazo au dawa za kifua kikuu naye aiache glasi. Anayeendesha gari au bodaboda vilevile. Mwaka 2023 WHO ilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Pombe imo kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Kwa hiyo asiyekunywa hana sababu ya kuanza, na anayekunywa apunguze.

Kariakoo ni mtaa wa misikiti pia, na nyumba nyingi haziruhusu pombe kabisa. Mwenyeji muungwana huuliza kabla ya kumimina. Maji ya ndimu na tangawizi, au ukwaju usiotiwa sukari nyingi, hufanya kazi ileile ya kukata mafuta ya samaki, na watoto wanakunywa pamoja na wakubwa.

Chakula kikiisha, glasi ziondolewe mezani kabla wakubwa hawajahamia sebuleni. Watoto humalizia mabaki, na kwa mtoto mdogo pombe kidogo inaweza kushusha sukari ya damu kwa hatari. Akinywa, awahishwe kituo cha afya hata kama anaonekana amesinzia tu. Na chupa iliyobaki isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji.