Vipokea Sauti Visivyo na Waya, na Sikio la Askari

Alfajiri, katika kambi nyingi za askari, huonekana watu wakikimbia, wazee kwa vijana, na masikioni mwao wamechomeka vidude vidogo vyeupe au vyeusi visivyoshikwa na waya wowote. Hivyo ndivyo vipokea sauti vya siku hizi. Hapo awali vilikuwa vitu vya wenye mishahara minono. Sasa bei yake imeshuka, hata konstebo akijibana mwezi mmoja aweza kuvipata. Lakini wingi nao una taabu yake. Katika barabara moja tu mjini Kampala mnunuzi ataonyeshwa aina kwa aina, zote zikiwa ndani ya vikasha vinavyong'aa, na kila muuzaji ataapa kwamba vyake havina mfano. Anayekwenda dukani bila kujua atakacho hurudi na kile alichotaka muuzaji.

Vyombo hivi havina umri mkubwa. Ufundi unaopeleka sauti kutoka kwenye simu hadi sikioni kwa mawimbi ya redio huitwa Bluetooth, na ushirika wa kuusimamia uliundwa mwaka 1998 na makampuni ya Ericsson, Nokia, Intel, IBM na Toshiba. Jina lenyewe ni la Mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, aliyelakabiwa Jino la Buluu. Mfalme huyo alisifika kwa kuwaunganisha watu, nao mafundi walitaka kuunganisha mashine. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ilitoa simu isiyo na tundu la waya wa kusikilizia, na mwezi Desemba wa mwaka huo huo ikaanza kuuza AirPods. Wengine wakafuata, na viwanda vya China vikatengeneza vya bei ya chini. Leo madukani kuna vya Oraimo, nembo ya Transsion ambao ndio watengenezaji wa simu za Tecno, Itel na Infinix. Kuna vya Xiaomi. Na kuna vingine vingi visivyo na jina la kukumbukwa.

Koplo mmoja wa polisi, anayekaa na mkewe na watoto watatu katika kambi ya Nsambya, alitenga shilingi 100,000 kwa ajili ya jambo hili. Haja zake zilikuwa mbili. Asubuhi hukimbia kuelekea Kabalagala na kupanda kilima cha Muyenga, naye alitaka kitu cha kumchangamsha mlimani. Usiku, katika nyumba ambayo pazia ndilo ukuta kati ya wazazi na watoto, alitaka kusikiliza habari na mpira bila kuwaamsha waliolala. Haja ya tatu hakuitaja, lakini mkewe aliijua. Tangu mazoezi ya shabaha ya miaka kadhaa iliyopita, ambapo alifyatua risasi nyingi bila kuziba masikio, sikio lake la kushoto lilikuwa na mlio mwembamba kama wa nyenje wakati wa jua kali. Mlio huo haukukoma, na sauti ya redio nyumbani ilikuwa ikipanda mwaka hata mwaka.

"Baba," mkewe alimwambia, "redio yako yasikika mpaka kwa inspekta. Ukiisha kuitia ndani ya sikio lenyewe, itakuwaje?"

Swali hilo ndilo lililostahili kuulizwa kwanza, nalo lahusu kila nyumba ya askari. Ndani ya sikio, katika kijumba kilichojikunja kama konokono, mna seli zenye vinyweleo vinavyopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye mshipa wa fahamu uendao ubongoni. Binadamu huzaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, kiwango ambacho chaweza kuzidhuru papo hapo. Ndiyo maana ya vizibo vya masikio katika uwanja wa shabaha. Muziki hufanya uharibifu wake polepole, siku baada ya siku, bila maumivu ya kumwonya mtu. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 katika juma, na mtoto asipite desibeli 75 kwa muda huo huo. Sauti ikiongezeka kwa desibeli 3 tu, muda wa salama hupungua kwa nusu. Ikifika desibeli 90, juma zima hubakiwa na saa 4. Mwaka 2015 shirika hilo lilikadiria kuwa vijana wapatao bilioni 1.1 duniani walikuwa hatarini kwa sababu ya usikilizaji wa namna hii. Askari huingia katika hesabu hiyo akiwa amekwisha kutumia sehemu ya akiba yake uwanjani.

Walipofika dukani, mume na mke hawakuwa na kipimo kimoja. Muuzaji alimkamata koplo kwa maneno: "Afande, hii ina besi, inatikisa kichwa!" Koplo alipendezwa. Mkewe yeye aliuliza kama ndani ya boksi mna mipira ya akiba. Muuzaji aliliona kuwa swali dogo, wala halikuwa dogo. Vipokea sauti vya kuziba sikio huja na vifuniko laini vya mpira, kwa kawaida vya saizi tatu, na watu wengi hutumia kile kilichovikwa kiwandani hadi siku kitakapopotea. Masikio hayalingani; hata la kulia na la kushoto la mtu mmoja huenda yakahitaji saizi mbalimbali. Kifuniko kikipwaya, kelele za nje huingia na sauti nzito hutoroka, kisha msikilizaji huongeza sauti ili kufidia. Kikikaa sawasawa, kelele za mtaani hubaki nje na nusu ya sauti humtosha. Ndiyo sababu vya bei ya chini vilivyokaa vyema huweza kuvishinda vya bei kubwa vinavyolegea. Jaribio lake ni jepesi: mtu avivae, atikise kichwa, atafune kama anayekula, kisha asikilize kwa sauti ya nusu. Vikilegea, abadilishe mpira kabla ya kukikataa chombo. Na kwa kuwa vile vya kujaribia hupita masikio mengi, vifutwe kwanza kwa kitambaa safi.

Jaribio la pili ni kupiga simu. Koplo alitoka nje akasimama kando ya barabara, mkewe akabaki dukani na simu yake mwenyewe. Kinasa sauti cha vyombo hivi kimekaa karibu na sikio, mbali na mdomo, na hapo ndipo vya bei nafuu huumbuka. Vya kwanza vilimfanya koplo asikike kama anayesemea ndani ya pipa. Vya pili vilimeza maneno kila pikipiki ilipopita. Vya tatu vilieleweka. Vyote vitatu, yafaa kutaja, vilicheza muziki bila kosa. Aliyevipima kwa wimbo mmoja tu asingejua tofauti yake.

Muuzaji akaja na saa 30 za betri. Betri iliyo ndani ya kipokea sauti kimoja aghalabu haifiki hata sehemu moja ya hamsini ya nguvu ya betri ya simu, kwa hiyo haiwezekani ikaimba usiku na mchana. Saa 5 au 6 ndizo za kweli kwa vingi vya bei hiyo. Zilizobaki ni za kikasha, ambacho huvijaza tena na tena mpaka chenyewe kitakapoisha. Tena saa hizo hupimwa kwa sauti ya kati, na mwenye kuipandisha huzila upesi. Betri hizo za lithiamu huchoka kadiri zinavyochajiwa, wala si rahisi kumpata fundi wa kuzibadilisha kwa gharama yenye maana. Kwa hiyo hiki ni kitu cha kuchakaa, kama viatu vya mazoezi, na si busara kukitolea mshahara mzima. Vipo pia vya kuvaa shingoni, ambavyo vipande vyake viwili huungwa kwa ugwe mmoja unaopita nyuma ya shingo. Vijana huvidharau. Lakini betri yake ni kubwa zaidi, na mtu mwenye desturi ya kupoteza vitu hatakiona kipande kimoja kikitumbukia mtaroni na kumwachia mwenzake asiye na kazi.

Juu ya jasho, cha kutazama kwenye boksi ni herufi IPX na tarakimu inayofuata. IPX4 maana yake chombo kimepimwa kwa maji ya kurushiwa kutoka pande zote. IPX5 ni kwa maji yanayotoka kwa nguvu kama ya mpira wa bustani. IPX7 ni kwa kuzamishwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Ile X haimaanishi ubora wowote. Huonyesha tu kwamba kipimo cha vumbi hakikutajwa. Kwa mkimbiaji IPX4 yatosha. Lakini vipimo hivyo hufanywa kwa maji matupu, na jasho lina chumvi, nayo ndiyo inayovila vijichuma vidogo vya kuchajia. Kikasha chenyewe mara nyingi hakina kinga yoyote. Kuvirudisha vipokea sauti vyenye jasho ndani ya kikasha na kukifunga ni sawa na kuweka ghalani bunduki iliyonyeshewa bila kuipangusa, na askari hahitaji kuelezwa matokeo yake.

Walinunua vile vya tatu, vyenye IPX5, kwa shilingi 80,000. Zile 20,000 zilizobaki hazikurudi mfukoni mwa koplo.

Likabaki suala la barabara. Vya kuziba sikio vikivaliwa katika mbio, kila kishindo cha mguu husikika kichwani kama mtu anayetwanga. Na boda boda inayoteremka kwa nyuma haisikiki kabisa. Vipo vya aina ya wazi, visivyoziba tundu la sikio, ambavyo humfaa zaidi mkimbiaji wa barabarani, ingawa ndani ya basi huruhusu kelele zote ziingie na kumshawishi mtu apandishe sauti. Wenye vya kuziba hushauriwa wavae kimoja na kuliacha sikio la pili wazi. Kwa koplo ushauri huo ulikuwa na mtego. Akikivaa kwenye sikio la kulia, lililo zima, barabara huachiwa lile bovu. Akikivaa kwenye la kushoto, hupandisha sauti ili ipite ule mlio, na sikio lililojeruhiwa huongezewa jeraha.

Walilizungumza jambo hilo usiku, kwa sauti ya chini. Koplo alisema atavaa vyote viwili na kugeuka nyuma mara kwa mara. Mkewe akamwuliza, "Ukiwa lindoni, afande wako angekubali ukimwambia hukusikia kwa sababu ya muziki?" Koplo hakujibu. Tangu siku ile barabarani havivaliwi. Siku anayotaka muziki huzunguka uwanja wa kambi, ambako hakuna magari, na kilima cha Muyenga hukipanda masikio wazi, akihema.

Nyumbani mke aliweka taratibu zake. Watoto hawavai vya baba, kwa kuwa uchafu na maradhi ya sikio hupita kwa kuazimana, na mwenye sikio linalotoka usaha havai kabisa. Kila Jumapili vifuniko vya mpira huvuliwa vikaoshwa kwa maji na sabuni kidogo, vikakauka kabla ya kurudishwa. Vipokea sauti vyenyewe hupanguswa kwa kitambaa kikavu. Njiti ya kiberiti imepigwa marufuku, kwenye kijichujio cha sauti na kwenye sikio la mtu vilevile, kwani kote kuwili huusukuma ule uchafu ndani badala ya kuutoa. Kwenye simu, mtoto mkubwa, ambaye huzijua simu kuliko wazazi wake, aliweka kikomo cha sauti.

Juma la pili koplo alianza kulalamika. Kipande cha kushoto, alisema, kilikuwa kibovu. Mtangazaji alisikika kama yu mbali. Alikusudia kuvirudisha dukani. Mkewe alimtaka kwanza afanye jambo moja: akitoe cha kulia, ambacho hakikuwa na lawama, akishikilie kwa kidole kwenye sikio la kushoto. Akafanya hivyo. Mtangazaji akawa mbali vilevile. Kisha akakiweka kile cha kushoto kwenye sikio la kulia, na maneno yakaja wazi, moja moja, kwa sauti ile ile ya nusu.

Chombo kilikuwa kizima. Jumatatu iliyofuata koplo aliomba ruhusa kwa mkubwa wake, akaenda hospitali kupimwa masikio.