Mizigo ya Askari wa Baiskeli

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo uliofungwa juu ya baiskeli, hata hivyo, hauna usufi ndani yake. Kila ratili huhisiwa na magoti ya mwenye kupanda mlima. Jambo hili walilijua vyema askari 20 weusi wa Kikosi cha 25 cha Askari wa Miguu cha Marekani, walipoondoka kambi ya Fort Missoula, jimbo la Montana, tarehe 14 Juni, 1897. Waliazimia kufika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, umbali wa kilomita zipatazo 3,000. Aliwaongoza Luteni James Moss, wakifuatana na daktari na mwandishi wa habari. Jeshi lilitaka kujua kama baiskeli, isiyokula majani wala kuhitaji zizi, yaweza kushika nafasi ya farasi.

Mizigo yao ilipangwa kwa busara. Blanketi, kipande cha hema na nguo za ndani vilikunjwa pamoja na kufungwa kwa mikanda mbele ya usukani. Chakula kilitiwa katika kasha gumu lililoingia barabara ndani ya pembetatu ya fremu. Kila askari alikuwa pia na bunduki na risasi 50. Baiskeli tupu ilikuwa na uzito wa kilo 14 na nusu hivi. Ikishapakiwa, wastani ulikuwa kilo 27.

Njia haikuwa na huruma. Milimani waliikuta theluji ingawa ulikuwa mwezi wa Juni. Matope ya Montana yalinata magurudumuni hata yakakataa kuzunguka, wakalazimika kuzifuata reli na kutikisika juu ya mataruma. Katika vilima vya mchanga vya Nebraska jua liliwachoma, na maji yenye magadi yakawaugua matumbo. Hata hivyo, tarehe 24 Julai waliingia St. Louis, na waendesha baiskeli wa mji wakawalaki kwa shangwe.

Sifa hizo hazikuwakinga. Miongoni mwao alikuwamo Sajini Mingo Sanders, aliyeingia jeshini mwaka 1881. Mwaka 1906, baada ya ghasia za Brownsville, Texas, Rais Theodore Roosevelt aliwafukuza askari weusi 167 wa kikosi hicho bila kuwafikisha mahakamani. Sanders alikuwa mmoja wao, naye alikuwa amekaribia kustaafu kwa malipo ya uzeeni. Jeshi liliwasafisha jina mwaka 1972, wakati Sanders alikwisha kufariki zamani.

Funzo la mizigo yao lingali hai. Anayetaka safari ya siku kadhaa, na baiskeli yake haina chuma cha kupakizia nyuma, asidhani kwamba ni lazima anunue mifuko ya bei kubwa. Fundi cherehani aweza kumshonea mifuko ya turubai, na vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu lililochakaa hufunga imara kuliko kamba.

Vitu vizito, kama maji, chakula na vifaa vya kuzibia pancha, viwekwe katika pembetatu ya fremu, kwani hapo haviyumbishi baiskeli. Mfuko huo usiwe mpana hata ukagusa magoti. Blanketi na nguo, vilivyo vyepesi, vifungwe mbele ya usukani, visizuie breki wala kugusa gurudumu. Nyuma ya kiti pakae furushi dogo lililokazwa sana. Likilegea litacheza kushoto na kulia na kumchosha mwendeshaji. Kila kitu kitiwe kwanza ndani ya mfuko wa nailoni, na ncha za mikanda zifungwe zisije zikanaswa na spoki.

Kabla ya safari, baiskeli ipakiwe yote na kuendeshwa saa moja katika njia mbovu. Kisha mizigo ifunguliwe nyumbani na kila kitu kiulizwe kazi yake. Haba na haba hujaza kibaba. Kisicho na jibu kibaki nyumbani.