Sekunde Thelathini

Usiku mmoja, mwanzoni mwa mwaka 2009, nilikuwa nikisahihisha katika kompyuta maneno niliyoyachukua kinywani mwa bibi yangu mzaa mama, juu ya majina ya pepo za bahari. Zilikuwa kurasa kumi na nne. Nilihifadhi kazi, kioo kikanijulisha kuwa imehifadhiwa, na nilipokuwa nikijinyoosha kitini umeme ukakatika. Uliporudi nililikuta faili mahali pake, jina lake kamili, lakini ndani halina hata herufi moja. Bibi alikuwa amekwisha fariki miezi miwili kabla.

Baadaye ndipo nilipofahamu. Linux, kama Unix iliyoitangulia, haipeleki maandishi diskini papo hapo. Huyaweka kwanza katika kumbukumbu. Kila baada ya sekunde 5 mtumishi wake huamka, akayatafuta yaliyongoja zaidi ya sekunde 30, akayapeleka. Kichwa cha diski izungukayo hutumia milisekunde kadhaa kuhama, nao ni muda mrefu mno kwa kompyuta. Heri maandishi yakusanywe na kupangwa yaende kwa safari moja. Tena mengi hufutwa kabla ya nusu dakika kupita, wala hayana haja ya kufika. Hoja hiyo siikatai: nahodha hang'oi nanga kwa gunia moja.

Lakini programu yangu ililifuta faili la kale kwanza, ndipo ikaandika jipya. Katika ext4, mpango wa kutunza mafaili uliotangazwa kuwa tayari mwishoni mwa 2008, habari ya kufuta iliwahi kuingia katika daftari la mabadiliko, ilhali maneno mapya hayakuwa yamepewa hata nafasi diskini. Kifo cha la kale kikaandikwa. Kuzaliwa kwa jipya kukangoja.

Theodore Ts'o, mmoja wa waliouunda mpango huo, alieleza kuwa programu yapasa kuita fsync, wito usiorudi mpaka maandishi yafikishwe diskini. Alisema kweli, nami nilimkasirikia. Hata hivyo alirekebisha: tangu Linux 2.6.30, ya Juni 2009, faili lililobadilishwa kwa namna ile hupelekwa bila kungoja zamu.

Majina mengi nimeyakumbuka. La upepo uvumao kabla ya alfajiri nilimwuliza bibi mara mbili, akanitajia mara mbili, nami sikulihifadhi moyoni, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuliandika.