Jiko la mama, toleo la pili

Jamani, niwieni radhi kwa kimya cha wiki mbili. Nilikuwa nyumbani Oldonyiro, na kompyuta ilibaki ndani ya begi. Safari hii sikwenda kuandika programu. Nilikwenda kurekebisha jiko la mama.

Mama anaishi katika nyumba ya Kisamburu aliyoijenga kwa mikono yake: fito zilizopindwa na kukandikwa udongo na samadi ya ng'ombe. Ndani kuna mafiga matatu. Moshi hutokea kwenye kitundu kidogo ubavuni, ukipenda. Mama hukohoa usiku, nami nimesoma takwimu za Shirika la Afya Duniani: mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu wapatao milioni 3.2. Basi nikaja na mchoro: chumba cha mabati nje, jiko la gesi, mafiga yang'olewe.

Mama aliutazama, akauliza, "Na nyumba itaota moto wapi?"

Sikumwelewa. Akanihesabia. Moto ule ndio taa. Ndio joto la alfajiri. Ndio unaofukuza mbu. Na moshi wake ndio unaozuia wadudu wasile fito za paa. Kwenye mchoro wangu nilikuwa nimeandika kazi moja tu: kupika.

Wenzangu wa kazi hii mnaijua aibu hiyo. Unarithi programu ya zamani, unaona mstari usiouelewa, unaufuta, kesho yake mfumo mzima umelala. Tena nyumba ni ya mama. Kwetu mwanamke ndiye mjenzi na ndiye mwenyewe. Mimi nilikuwa kibarua tu.

Tukaanza upya. Mafiga yakabaki palepale. Tukayazungushia ukuta mfupi wa udongo na majivu, tukaacha mdomo mmoja wa kuni, ili moto usitapakae na kuni chache kavu zitoshe. Kisha nikatoboa tundu kubwa zaidi juu ukutani. Jioni upepo ukarudisha moshi wote ndani. Mama akacheka: "Si ungeniuliza upepo unatoka wapi?" Tukaliziba, tukatoboa upande wa pili.

Na paa je? Jibu lilikuwa la mama. Kila baada ya siku chache, asubuhi mifugo ikishatoka, anatia kuni mbichi motoni, anafunga mlango, anakaa nje kivulini. Nyumba inakula moshi peke yake. Kazi mbili zilizokuwa zimefungwa pamoja zimetenganishwa, na aliyezitenganisha hajawahi kugusa kompyuta.

Kikohozi hakijaisha. Usiku wangu wa mwisho nilimsikia mara mbili tu, lakini usiku mmoja si ushahidi, na mwezi ujao nitampeleka zahanati. Gesi ya chai ya mchana amekubali kuifikiria. Hiyo ni ya toleo la tatu, na safari hii nitaanza kwa kuuliza.