Mzee wa Nguo Nyeusi, Gitaa Kavu na Nyimbo za Watu

Wadau, jina la huyu mzee halitajwi hapa. Wanaojua kantri watamjua mapema tu, na asiyemjua asome mpaka mwisho halafu akamuulize baba yake.

Alizaliwa Arkansas, Marekani, mwaka 1932, familia ya wakulima wa pamba. Akavuma balaa, akapiga shoo mpaka magerezani, na nguo zake ni nyeusi tupu. Halafu miaka ya 80 mambo yakabuma. Kampuni ya rekodi aliyokuwa nayo tangu 1958 ikamtema 1986. Redio za kantri nazo zikawa hazimpigi, zinataka vijana. Unajua ile hali ya staa kuitwa legendi na huku hakuna anayenunua kazi yake? Ndo hapo.

1993 akatokea prodyuza mmoja, midevu mpaka kifuani. Huyu jamaa alishafanya kazi na Beastie Boys na Run-DMC, yaani rap kabisa, wala si mtu wa kantri. Akamkalisha mzee sebuleni kwake Los Angeles, akampa uhuru aimbe chochote anachokipenda, yeye na gitaa kavu lake basi. Hakuna ngoma, hakuna kinanda. Albamu ikatoka 1994, ikabeba Grammy. Iliyofuata ikabeba Grammy ya albamu bora ya kantri mwaka 1998, na hapo likalipiwa tangazo la ukurasa mzima kwenye jarida la Billboard: shukrani kwa Nashville na redio za kantri kwa sapoti yao, chini yake picha ya zamani ya mzee akionyesha kidole cha kati. Usicheke bana, ilitokea kweli.

Sasa twende 2002, American IV. Hapa nyimbo nyingi ni za watu: Beatles, Simon and Garfunkel, Depeche Mode, Eagles. Kuna wanaosema kurudia nyimbo za wenzako ni uvivu, na kiukweli wengi wanaofanya hivyo huwa wavivu. Hata kwenye albamu hii si kila kitu kimekaa sawa, "Desperado" inapita tu kama basi lisilosimama kituoni. Lakini gitaa kavu halina pa kujificha. Mzee alikuwa na kisukari, pumu, macho yanafifia, na vyote unavisikia. Sauti inatetemeka, pumzi inakata katikati ya mstari, na prodyuza hakufuta kitu.

Halafu ndo "Hurt". Aliyeiandika ni kijana wa Nine Inch Nails, akiwa hata 30 hajafika, anazungumzia giza lake mwenyewe. Alipoombwa ruhusa aliingiwa na wasiwasi, akaona kama itakuwa kichekesho. Mzee hakubadilisha mengi, alitoa tusi moja akaweka neno la Kibiblia. Maneno ni yaleyale, ila ukiyasikia kutoka kwa mtu wa miaka 70 yanakuwa kitu kingine kabisa. Kijana alipoiona video ikabidi akiri kwamba wimbo hauko mikononi mwake tena.

Hiyo video sasa. Ilipigwa Hendersonville, Tennessee, nyumbani kwa mzee na kwenye jumba lake la makumbusho, ambalo lilishafungwa na limechakaa. Mikono yake inatetemeka akimwaga divai mezani. Katikati wanachomeka picha za ujana wake, mrefu, anaruka kwenye treni. Na kuna sehemu mkewe amesimama kwenye ngazi, anamtazama. Haongei. Yule mama naye alikuwa mwimbaji, wamekaa kwenye ndoa tangu 1968, na ule mtazamo wake huwezi kumfundisha mwigizaji yeyote.

Watu wote waliamini mzee ndo anaaga. Kumbe aliyetangulia ni mama, Mei 15, 2003, baada ya upasuaji wa moyo.

Mzee akamwomba prodyuza asimwache bila kazi. Akawa anarekodi akiwa kwenye kiti cha magurudumu, siku mbaya anaimba kidogo, siku nzuri anaongeza. Septemba 12 mwaka huohuo naye akaondoka, miezi minne haijatimia.

Baadhi ya zile rekodi za mwisho zilitoka 2006. Albamu ikaingia moja kwa moja namba moja Marekani, kiti ambacho hakukikalia tangu 1969.